Mapenzi ni Kikohozi, Mbona Mnayaficha?

Kuna ushauri unaozunguka mitandaoni kila wikendi ndefu ikikaribia, na mimi umenichosha. Unasema penzi lako liweke siri. Usimpeleke kwa marafiki, watamtamani. Usiseme mnaenda wapi, watakuonea kijicho. Chukueni begi moja, mpande gari, mfunge mlango, mrudi Jumatatu usiku kimyakimya kama watu waliotoka kuiba kuku. Ushauri wenyewe huja na picha: mikono miwili imeshikana, nyuso zimekatwa. Chini yake watu wanaitikia amina, amina, amina.

Mimi siitikii. Nina miaka 26, naishi Embu mjini, naandika makala na matangazo kwa yeyote atakayelipa, chuo nilikiacha mwaka wa tatu karo ilipokataa kupatikana, na mengi ninayoyajua kuhusu kupendwa nimefundishwa na marafiki. Ndio walionilisha mfuko ulipokauka. Ndio waliokesha nami mama alipolazwa. Kwa hivyo nitasema bila kuuma maneno: hii desturi ya wapenzi wawili kujifungia kila wikendi ndefu, bila mtu kujua walipo, ni desturi mbaya. Wauzaji wanaichochea, waongo wanailinda, na wanawake ndio wanaoilipia, wengine kwa uhai wao. Anayetaka kusherehekea mapenzi na ayasherehekee mbele za watu wake.

Waswahili walishasema zamani kwamba mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Sisi tumeamua kubisha. Tunakohoa ndani ya mto ili jirani asisikie, kisha tunashangaa kwa nini hatupumui.

Hapa kwetu Embu, na ukivuka Thuci ukapanda mpaka Meru, mwanamume hawezi kuoa kimila kwa siri hata akitaka. Ruracio haendi peke yake. Anaenda na wazee, na mashangazi, na vijana wenzake wa kubeba mizigo, na matatu ya kukodi ya watu kumi na wanne iliyobeba ishirini. Kule Igembe na Tigania kuna ncoolo, kitita cha miraa kinachofungwa kwa heshima na kupelekwa kwa wazazi wa msichana wakati wa posa. Hakipelekwi ili mtu mmoja ajifungie nacho chumbani. Kinapokelewa mbele ya watu, na kuanzia hapo watu wanajua. Mahari ya Kimeru ikitajwa, pamoja na ng'ombe na kondoo hutajwa asali, na asali hiyo tangu jadi ilitengenezewa pombe ya wazee, kinywaji cha kuketi kitako na kuzungumza.

Halafu kuna ule mchezo wa leso. Si mnaujua? Wasichana wanne au watano wanafunikwa leso kutoka utosini hadi kwenye vidole vya miguu, wanatolewa nje kwa mstari, na kijana anaambiwa amtambue wake. Akimshika asiye wake anatozwa faini, na watu wanacheka mpaka wanafuta machozi. Siku hizi tunauona kama burudani ya kupigia video. Lakini ebu ufikirie. Mtihani anaopewa kijana ni kumtambua mtu wake akiwa katikati ya wenzake. Aliyemjua chumbani tu atatambua nini pale? Anayefaulu ni yule aliyewahi kumwona akitembea na rafiki zake, akasikia anavyocheka akiwa nao, akajua anavyosimama akichoka kungoja. Bibi zetu walioketi na kubuni mtihani huu walikuwa wanauliza swali zito kwa njia ya mchezo: unamjua huyu, au unamjua tu akiwa peke yake nawe?

Ukisema hayo ni ya kimila na wewe ni mtu wa kisasa, sawa, twende kwa Serikali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka ndoa ifungwe mbele ya mashahidi wawili. Mnaotaka kuoana kwa msajili mnatakiwa kutoa ilani siku zisizopungua 21 kabla, ilani inawekwa hadharani, na aliye na pingamizi anapewa nafasi ya kulisema. Kanisani matangazo ya ndoa yanasomwa Jumapili mbele ya waumini wote, wakiwemo wanaosinzia. Nikahi inataka mashahidi. Mila, dini na dola haviafikiani kwa mambo mengi, lakini kwa hili vimekaa benchi moja: wawili hawatoshi kuthibitisha kwamba wanapendana.

Sasa kama siku ya ndoa tunahitaji mashahidi, mbona ile miaka mitatu au minne ya kabla yake, miaka ya hatari zaidi, tunaipitisha gizani?

Tujiulize siri inamfaidi nani. Mwenye mke Nkubu na mchumba Runyenjes anaipenda sana siri. Yule anayekwambia "mimi ni mtu wa faragha, sipendi picha, na hao rafiki zako hawanipendezi" anaipenda siri, ilhali simu yake ina wanawake waliohifadhiwa kwa majina ya mafundi bomba. Lakini anayeipenda kuliko wote ni mwenye mkono mwepesi. Mkono wa namna hiyo unahitaji mambo mawili tu: mlango uliofungwa, na msichana ambaye hakumwambia mtu yeyote alipo.

Hapa sichezi. Januari 2024 nchi hii ilishtuka baada ya wanawake kuuawa katika nyumba za kukodi kwa siku jijini Nairobi. Tarehe 27 mwezi huohuo maelfu waliandamana Nairobi na katika miji mingine, wakiwa wamevaa nyeusi na kubeba majina ya waliouawa. Tukadhani tumesikika. Novemba mwaka huohuo polisi wakatangaza kwamba kati ya Agosti na Oktoba, miezi mitatu tu, wanawake 97 walikuwa wameuawa nchini. Hesabu mwenyewe: ni zaidi ya mmoja kila siku. Mwezi huohuo Umoja wa Mataifa ukatoa ripoti yake kuhusu dunia nzima: mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 140 waliuawa kila siku na wapenzi wao au jamaa zao. Muuaji hakutoka msituni. Alikuwa na ufunguo.

Na sisi tukajibu vipi? Tukauliza: alienda kufanya nini huko? Kwa nini hakujichunga? Hilo ndilo swali la nchi isiyo na aibu. Marehemu tunamhoji, mwanamume hakuna aliyewahi kumhoji. Hakuna aliyemuuliza unaitwa nani, kwenu ni wapi, mtarudi saa ngapi, nipe namba ya mtu wenu. Tumejenga mapenzi ambamo mwanamume anaweza kupenda mwaka mzima bila kuulizwa swali hata moja na mtu mzima mwenye akili timamu, na hayo ndiyo tunayaita faragha.

Sidai kwamba marafiki watano ni ngao. Wapo wanawake waliouawa na waume waliotoa mahari mbele ya ukoo mzima. Wapo waliouawa mchana, sokoni, watu wakitazama. Hao wana lawama zao na wenye kuzibeba lawama hizo, kuanzia polisi wanaomrudisha mwanamke nyumbani "mkasuluhishe". Ninachodai ni kidogo zaidi, na nadhani hakuna wa kukipinga: mtu anayejulikana na watu wako ana mengi ya kupoteza kuliko asiyejulikana. Na wewe, ukianza kubadilika, ukianza kuvaa mikono mirefu wakati wa jua kali, kuna atakayeona.

Nimesema wauzaji wanaichochea. Wanajijua. Wiki mbili kabla ya sikukuu yoyote, simu yangu hujaa matangazo ya ofa za wapenzi: usiku mbili, chakula cha mishumaa, chupa moja ya mvinyo, maua ya waridi yamemwagwa kitandani. Oktoba 2024 niliona moja ya shilingi 38,000 kwa watu wawili. Huwezi kuipata ofa hiyo ukiwa watatu. Ukiwa peke yako ndio hata usiulize. Wameshatuambia kwamba mapenzi ni meza ya viti viwili, na kiti cha tatu kinalipiwa zaidi.

Hayo maua ya kitandani unajua yanatoka wapi? Panda gari pale Makutano, Meru, uelekee Timau. Kabla hujafika utaanza kuona mabanda makubwa ya nailoni yameng'aa chini ya mlima kama ziwa. Ndani yake ni waridi. Yanakatwa, yanapangwa kwa urefu, yanatiwa kwenye baridi, yanapanda lori mpaka uwanja wa ndege Nairobi, kisha yanaruka kwenda Uholanzi na kwingineko Ulaya. Msimu wenyewe mkubwa ni zile wiki za kabla ya Februari 14. Yaani Wazungu wanapojiandaa kuambiana "nakupenda", mama wa Timau anaamka alfajiri na kurudi giza limeingia, mikono imechomwa na miiba, na mtu wake amelala. Anayekuza ishara ya mapenzi ya dunia nzima ndiye anayekosa muda wa kupenda.

Miraa nayo ni hivyohivyo. Ikishachumwa ina kama siku mbili kabla nguvu yake haijaisha, kwa hivyo Maua na Kangeta hakuna Jumatatu ya mapumziko. Zile gari ndogo zinazotupita kwa kasi kati ya Meru na Embu zinakimbizana na muda huo. Ndiyo maana nacheka nikisikia "wikendi ndefu kwa Wakenya wote". Ndiyo, sheria ya sikukuu inasema siku ikiangukia Jumapili, Jumatatu inakuwa mapumziko. Lakini kuna watu ambao sheria hiyo haijawahi kuwafikia: mvunaji, mwendesha boda, muuza mitumba, mama mboga, dereva. Na rafiki zetu wengi ndio hao.

Ukitaka kujua kama penzi lako lina moyo, tazama linavyomtendea rafiki asiyepata likizo. Mapenzi ya wawili yanamwacha nyuma. Yanamtumia picha.

Sisi tulijaribu kufanya vingine. Mashujaa ya mwaka 2024, tarehe 20 Oktoba, iliangukia Jumapili, kwa hivyo tukawa na Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Ni ile wikendi ambayo matatu zote, vinyozi vyote na vibanda vyote vya chai vilikuwa na mada moja, maana Alhamisi yake Seneti ilikuwa imemng'oa Naibu Rais. Tulikuwa sita. Mimi na mtu wangu, mke na mume waliooana mwaka uliotangulia, na wawili wasio na wapenzi ambao hawakuwa wanaomba kuhurumiwa. Tangu Julai kila mmoja alikuwa akitoa shilingi 300 kila Jumamosi. Wiki 15, watu sita, jumla 27,000. Kwa pesa isiyotosha ofa ile ya wawili tulilipa nauli, nyumba ya vyumba vitatu Meru mjini kwa usiku mbili, kilo za nyama, na kiasi kikabaki tukamrudishia mweka hazina. Chama ni teknolojia yetu. Tunakitumia kununua sufuria na kuzikana, mbona tusikitumie kupendana?

Tulipofika daraja la Nithi, lile ambalo Julai 2022 basi lilitumbukia na kuua watu zaidi ya 30, gari lilinyamaza kama linavyonyamaza kila mara. Mtu wangu akatoa simu akamwandikia dada yake: tuko Nithi, tuko watano. Mimi nikamwandikia mama. Huo ulikuwa ujumbe mfupi tu, lakini niliutazama nikaona jambo ambalo wauza siri hawawezi kukuuzia. Kulikuwa na watu waliojua nilipo, niko na nani, na tunatarajiwa lini.

Wa sita wetu hakusafiri nasi, kwa sababu anaishi Meru na anauza mitumba soko la Gakoromone. Jumapili kwake ni siku ya kazi, na tena ni siku nzuri, watu wametoka kanisani na pesa. Tungeweza kumwambia atupate jioni. Badala yake tulienda sokoni saa tatu asubuhi, tukakaa naye. Wengine wakakunja nguo, mwingine akaita wateja kwa sauti ya makanga, mtu wangu akatumwa kubeba mizigo kutoka stoo. Mke na mume wetu wakakosana kidogo kuhusu bei ya koti, mbele yetu, wakapatana mbele yetu. Chakula cha mchana kilikuwa mukimo na nyama tuliokula tukiwa tumekalia magunia.

Shangazi yake ana meza kando ya yake. Pamoja na wenzake wawili walimwacha mtu wangu abebe mizigo mara tatu bila kusema neno. Mara ya nne wakamwita.

"Kijana, keti hapa. Wewe ni wa wapi?"

"Runyenjes, mama."

"Huyu msichana ni wako?"

"Ndio, mama."

"Sasa ukikasirika, unafanyanga nini?"

Tulicheka. Wao hawakucheka. Mtu wangu alifuta jasho akasema yeye hunyamaza, anatoka, anaenda kutembea.

"Unatembea mpaka wapi?"

"Mpaka hasira iishe."

"Na ikikataa kuisha?"

Hapo alifikiri. Akasema basi anatembea mpaka kwa kaka yake mkubwa, anakaa huko. Shangazi akatoa simu yake kwenye mfuko wa aproni.

"Leta namba ya huyo kaka."

Akaitaja. Shangazi akapiga palepale, ikaita, ikapokelewa. Wakasalimiana na kaka mtu kwa Kiswahili cha watu wazima, wakaulizana habari za mvua, na shangazi akasema tu kwamba wameona kijana wao, ni mchapakazi, na sasa namba wanayo. Kisha akamwambia mtu wangu arudi kwa mizigo.

Mimi mtu huyu nilikuwa naye mwaka na nusu. Sikuwahi kumuuliza swali lile. Chakula cha mishumaa hakina nafasi ya swali kama lile, maana ukiuliza umeharibu hewa. Sokoni liliulizwa mchana kweupe, na wanawake watatu waliokwisha kuona mengi, likajibiwa, na jibu likapata namba ya simu. Ofa ya 38,000 ingenipa waridi. Gakoromone ilinipa shahidi.

Najua mtanijibu. Mtasema kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba rafiki yako ndiye atakayekunyang'anya. Nami nauliza: mtu ambaye anaweza kunyang'anywa kwa kuonwa tu, ulikuwa naye kweli? Akichukuliwa, umepoteza wawili ambao hukuwahi kuwa nao, na umejua mapema. Methali zetu ni nyingi, na hukuishiwa. Kuna pia penye wengi pana Mungu. Chagua utakayoilea.

Mtasema pia kwamba wapenzi wanahitaji muda wao wawili. Bila shaka. Sikusema mlale sita chumba kimoja. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba vitatu na milango ilifungwa. Kufunga mlango wakati watu wako wako sebuleni na kufunga mlango wakati hakuna anayejua uko mji gani ni mambo mawili tofauti. La kwanza ni faragha. La pili ni kupotea.

Wengine mtakuja na Biblia, mseme mapenzi kabla ya ndoa hayafai kusherehekewa hata kidogo. Nawaheshimu, lakini angalieni mnachozalisha. Kijana akijua kwamba akimtaja mpenzi wake nyumbani atafukuzwa, hataacha kupenda. Ataacha kusema. Na asiyesema ndiye anayetafutwa na polisi Jumanne. Mama anayetaka kujua binti yake yuko na nani, aanze kwa kutompigia kelele siku anapotajiwa jina.

Na wapo ambao siwezi kuwaambia wajitokeze, wala sitawaambia. Mahakama Kuu tarehe 24 Mei 2019 ilikataa kufuta vifungu vinavyofanya mapenzi yao kuwa jinai. Wakikohoa barabarani watapigwa. Siri yao hawakuichagua, imefungwa kwa nje. Lakini wao ndio waliotufundisha ukweli wa jambo hili kuliko sisi wote, kwa sababu wasipokuwa na familia ya kuwapokea hujijengea moja kutoka kwa marafiki: wale wanne au watano wanaojua, wanaopika pamoja sikukuu, wanaopigiana simu kila mtu akifika nyumbani. Wao siri wamelazimishwa na bado wanatafuta mashahidi. Wewe hujalazimishwa na yeyote na unawafukuza.

Neno la mwisho ni kwa wanaume, kwa sababu hapa mlimani ndio tunaofugwa kwa siri zaidi, mwanamume akifunzwa kwamba kumtambulisha mpenzi ni kujifunga kamba. Kaka, kama humwezi kumleta mbele ya rafiki zako wa steji, wa shamba, wa kwaya, wa mpira, mwambie leo akatafute atakayeweza. Na kama rafiki zako ni watu ambao ungeona haya kumleta mbele yao, shida si yeye.

Pasaka inakuja. Baada yake kuna Madaraka, Juni 1, ambayo mwaka 2025 iliangukia Jumapili, kwa hivyo Jumatatu ya tarehe 2 wenye mapumziko walipumzika. Mia tatu kwa wiki kuanzia sasa bado inafika mahali. Kama hamna mia tatu, kuna Karue pale juu ya Runyenjes, ambapo kupanda kunahitaji miguu tu, na chupa ya chai. Ulizeni kwanza nani kati yenu hatapata likizo, na mwende alipo. Bebeni wasio na wapenzi, wao ndio wenye kumbukumbu nzuri. Wakutanishe mashangazi na huyo mtu wako, wampe mizigo, wamwite mara ya nne.

Na akikuuliza kwa sauti ya chini kama hamngeweza kwenda nyinyi wawili tu, bila mtu kujua, mtajie majina ya watakaokuwa kwenye gari, kisha umwambie saa mtakayoondoka steji.